Faragha ya Wakubwa na Kinywa cha Mkalimani: Safari ya Mwanza ya 1858 katika Filamu



Tarehe 3 Agosti 1858 afisa wa Kiingereza aliyeitwa John Hanning Speke alipanda kilima cha Isamilo, mahali palipo leo jiji la Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyeji wake walikuwa wakivua ndani yake tangu zamani zisizohesabika. Mwenzake, Richard Francis Burton, alikuwa amebaki Kaze, karibu na Tabora ya leo, akiwa mgonjwa. Ugomvi uliozuka baadaye kati ya watu hawa wawili umeandikiwa vitabu vingi, na mwaka 1990 ulitengenezewa filamu iitwayo Mountains of the Moon, iliyoongozwa na Bob Rafelson na kutokana na riwaya ya William Harrison ya mwaka 1982. Mhadhara wangu wa leo unahusu filamu hiyo, na hasa jambo moja ambalo haikuliona ingawa lilikuwa mbele ya macho yake.

Kwanza niiweke filamu hiyo katika ukoo wake. Sinema zinazochukua mtu mwenye mali na jina, zikavunja mlango wa nyumba yake na kubuni yaliyosemwa humo, zina umri mrefu. Citizen Kane ya mwaka 1941 ilichota kwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, ikambadilisha jina bila kumficha. Huku kwetu aina hii ilistawi kwa ghafla katika muda wa miaka mitano: Out of Africa (1985) ilihusu Karen Blixen na mpenzi wake Denys Finch Hatton, White Mischief (1987) ilihusu walowezi matajiri wa Kenya na kuuawa kwa Lord Erroll mwaka 1941, kisha ikafuata hii ya Burton na Speke. Zote tatu zinaitazama Afrika Mashariki kupitia dirisha la chumba cha kulala cha Mzungu mwenye uwezo. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mtunzi wa aina hii huhitaji barua, shajara, mashahidi wa kesi na masengenyo yaliyochapishwa, na vitu hivyo huachwa kwa wingi na watu waliokuwa na karatasi, wino, watumishi na ndugu wa kuhifadhi makabati. Speke alitoka katika ukoo wa wenye ardhi, na nyumba yao ya Jordans ilikuwa Somerset. Masikini naye ana faragha yake. Kinachokosekana mara nyingi ni kabati.

Katika filamu Patrick Bergin anamwigiza Burton, Iain Glen anamwigiza Speke, na Fiona Shaw ni Isabel Arundell, aliyeolewa na Burton mwaka 1861. Upande wa Afrika ulipigwa Kenya. Ni kazi nzuri kwa mambo mengi: mateso ya njiani yanaaminika, na tofauti ya tabia kati ya wasafiri hao imechorwa kwa ustadi. Hata hivyo, filamu inapotaka kueleza kwa nini marafiki waligeuka maadui, inakimbilia London. Inamleta Laurence Oliphant, mwandishi na mtu wa jamii ya juu, inadokeza mapenzi kati yake na Speke, kisha inamfanya kuwa ndiye aliyetia sumu katika urafiki. Kifo cha Speke nacho, kilichotokea kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kati yake na Burton mjini Bath, filamu inakielekeza upande wa kujiua. Baraza la uchunguzi wa kifo hicho lilitamka kuwa ni ajali.

Hadithi ya sumu ya Oliphant haikubuniwa na watu wa sinema. Ilitoka kwa Isabel mwenyewe, katika wasifu wa mumewe alioutoa mwaka 1893. Na Isabel huyo huyo ndiye aliyechoma mswada mkubwa aliouacha Burton alipofariki Trieste mwaka 1890, pamoja na karatasi zake nyingine nyingi za siri. Hapa mtafiti husimama na kushika kichwa. Mjane aliichoma faragha ya mumewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatuandikia nyingine ya kuwekwa mahali pake. Miaka 100 baada ya moto huo, filamu ilijenga juu ya majivu. Siwezi kumlaumu mtunzi kwa kubuni mahali ambapo hati zimeteketea; kazi ya mtunzi ni kubuni. Lawama yangu ni kwamba alipokuwa akipekua majivu ya Ulaya aliacha sanduku zima lililokuwa wazi Afrika, nalo ni sanduku la lugha.

Burton alikuwa bingwa wa lugha. Alijua Kiarabu kwa kiwango cha kuingia Makka mwaka 1853 akijifanya Mwislamu, na katika safari hii alijifunza Kiswahili. Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili hakukijua cha kumtosha kuuliza njia. Lugha ya mashariki aliyoweza kuitumia ilikuwa Kihindustani cha jeshini, kwa kuwa alitumikia Jeshi la Bengal. Mtu wa msafara aliyekuwa mkalimani wake kwa lugha hiyo alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Basi kila alichokijua Speke kutoka kwa watu wa bara kilipita katika kinywa cha Bombay.

Tazameni yaliyotukia Ziwa Tanganyika mnamo Aprili 1858, kabla ya safari ya Mwanza. Wasafiri walikuwa wameelewa kutokana na maneno ya Sheikh Hamed bin Sulayyim kwamba mto Rusizi hutoka ziwani kuelekea kaskazini. Kama ni hivyo, huenda ndio Nile. Walipofika Uvira, wana wa mtawala wa huko waliwaambia kwamba mto huo huingia ziwani. Bombay naye akasema kwamba maneno ya Sheikh hayakueleweka sawasawa tangu mwanzo. Kutoka na kuingia: vitenzi viwili ambavyo mtoto wa darasa la kwanza havimpi shida, na juu yake yalining'inia matumaini ya safari nzima. Hapa ndipo moyo wa Burton ulipovunjika. Mtunzi wa filamu angetaka tukio gani kubwa kuliko hilo?

Kisha ikaja Mwanza. Burton alibaki Kaze pamoja na mwenyeji wao Snay bin Amir, mfanyabiashara tajiri Mwarabu, akikusanya misamiati ya lugha za njiani. Yaani aliyejua lugha alibaki nyuma akiandika kamusi, na asiyejua akaenda kuuliza habari za ziwa. Ufuoni Speke alikutana na Sultani Mahaya na Mwarabu mmoja aliyeishi huko, Mansur bin Salim. Aliuliza upana wa maji na mwisho wake kaskazini. Swali lilitoka katika Kihindustani, Bombay akalitia katika Kiswahili, na kutoka hapo likaingia katika lugha ya wenyeji. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Jibu alilolipokea Speke kuhusu kaskazini lilikuwa na maana ya kwamba yamkini maji yale yanafika mwisho wa dunia. Hakukaa hata wiki moja. Tarehe 25 Agosti alikuwa amerudi Kaze na madai kwamba amepata chanzo cha Nile, na Burton akayapinga, hasa kwa hoja ya ukalimani: utaaminije habari zilizopita katika vinywa vitatu, cha kwanza kikiwa cha mtu anayezungumza Kihindi kibovu?

Speke alikuwa sahihi kuhusu Nile, na Burton alikuwa sahihi kuhusu udhaifu wa ushahidi. Huo ndio mgogoro wenyewe. Una wivu ndani yake, ndiyo, na una kiburi. Lakini mzizi wake umeota katika sarufi na msamiati. Hata ramani inashuhudia. Kijito kinachoingia katika ghuba ya Mwanza Speke alikiita Jordans Nullah: neno la kwanza ni jina la nyumba yao Somerset, la pili ni Kihindustani, maana yake kijito. Jina zima la mahali pa Usukuma halina hata silabi moja ya Kisukuma.

Naja kwa Bombay. Katika filamu anaigizwa na Mkenya Paul Onsongo, na ni mtumishi mwema mwenye maneno machache. Bombay wa historia alikuwa Myao. Kwa masimulizi yake, ambayo Speke aliyachapisha, alitekwa akiwa na umri wa miaka kama 12, akauzwa Kilwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarejea Zanzibar, akaingia katika jeshi la Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta katika kambi moja ya pwani ya kaskazini, wakamchukua. Baadaye alisafiri tena na Speke, akaenda na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron kuivuka Afrika kutoka bahari hadi bahari. Alifariki mwaka 1885. Mtu huyu alipoteza lugha ya mama yake utotoni au aliibeba, hatujui. Alipata nyingine ugenini. Akarudi na kuishi kwa lugha ya tatu. Kama kuna maisha ya ndani yanayostahili kubuniwa, ni haya. Wakalimani wa misafara walikuwa na ndoto, hofu na siri zao. Mambo hayo hayakukosa kuwapo, yalikosa kuulizwa.

Hata faragha ya Speke mwenyewe ilikuwa na sehemu yake kando ya ziwa hili. Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka 2011, alirudi kwenye mswada wa Speke na kueleza hisia zake kwa mwanamke wa Buganda aliyeitwa Méri, alipokaa katika kasri la Mutesa mwaka 1862. Hisia hizo zilipunguzwa kabla ya kuchapishwa. Filamu ya 1990 haingeweza kukijua kitabu hicho. Lakini inafikirisha kwamba ilipotafuta siri ya moyo wake haikutazama upande wa Nyanza.

Atakayesema kuwa maisha ya ndani ya watu wa ufuo huu hayawezi kuandikwa kwa kukosa hati, nitamwonyesha Ukerewe, jina ambalo Speke alilisikia likitumika kwa ziwa lote. Huko Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ndani yake mna ndoa, utasa, ugonjwa, aibu mbele ya wakwe, na mazungumzo ya mume na mke usiku. Hakuna tajiri wa magazeti wala afisa wa jeshi. Kitereza hakuhitaji kabati la mtu; alikuwa na masimulizi ya wazee na sikio.

Basi kwa wanafunzi wanaotaka kuandika mchezo wa filamu juu ya siku zile za Agosti pale Mwanza, nawaachia tatizo moja la kitaaluma. Mnamjua Speke alivyoandika, na Mahaya mnaweza kumpa Kisukuma. Lakini Bombay atasema Kiswahili kipi? Myao aliyeuzwa Kilwa akiwa mtoto, aliyekaa India miaka mingi, aliyekuwa askari karibu na Tanga: matamshi yake, upatanisho wake wa kisarufi, maneno ya Kihindi yaliyomponyoka alipochoka. Wanaisimu wa lahaja na wanahistoria wa biashara ya utumwa wangepaswa kukaa meza moja ili kumwandikia sentensi yake ya kwanza, ile aliyomgeukia Mahaya na kumuuliza maji haya yanaishia wapi.