Tarehe ya Rangi za Ramani, Biharamulo na Ngara

Ndugu zetu wa Karagwe hawachoki kudai kwamba mfalme wao Rumanyika ndiye aliyeiingiza nchi hii katika ramani za Wazungu. Aliyetangulia ni Suwarora wa Rusubi, huku Biharamulo, wa ukoo wa Ruhinda, na mpelelezi Mwingereza Speke mwenyewe ni shahidi: alifika kwake kwanza, Oktoba 1861, akaiandika nchi kwa jina la Usui.

Tena alizuiliwa huko akidaiwa hongo. Hapa nisimame kidogo, maana Speke aliandika kwa uchungu kama mtu aliyeporwa. Unapita katika nchi ya mwenyewe na mizigo ya vitambaa, waya na shanga za kila rangi, halafu unashangaa kutozwa? Suwarora alichukua haki yake, na mgeni akaondoka bila kumwona uso. Rumanyika alimkaribisha vizuri mwezi uliofuata, basi sifa zote zikaenda Karagwe.

Turudi kwenye rangi za ramani. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waligawana nchi za Mjerumani. Waingereza, ambao ramani zao zilipaka himaya yao rangi nyekundu, walipewa hata Gisaka ng'ambo ya Kagera kwa tamaa ya njia ya reli, kisha ikarudishwa Rwanda. Bugufi ya Ngara ilibaki huku. Mkataba wa London wa 1934 ukaandika mpaka, na Mwambutsa wa Urundi alipoidai Bugufi mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1948 hakuipata. Bushubi, jirani yake, nayo ilikuwa huku.

Siku hizi ramani huchorwa na wenyeji. Katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, wazee huchora kwanza chini: majivu ndiyo barabara, majani mabichi ndiyo msitu. Kisha huhamishiwa kwenye karatasi ya manila kwa kalamu za rangi, mito kwa buluu, na hapo ubishi huanza, kila mmoja akitaka kijito kipite upande wake. Wala si jambo geni: ramani ya Inclesmoor huko Uingereza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1400, ilipakwa rangi kwa sababu ya kesi ya kugombea ardhi ya kuchimba udongo unaochomwa kama kuni.

Huku kwetu rangi ya kijani kwenye ramani imeongezeka tangu 2019, mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalipounganishwa kuwa hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato. Wenyeviti wa vijiji vinavyopakana nayo, ibandikeni ramani yenu ukutani ofisini, wananchi waione.