Petro, mbwa mwitu na okestra: hadithi iliyowafungua watoto masikio

Tarehe 2 Mei 1936, mjini Moscow, ilisimuliwa hadithi isiyokuwa na mwigizaji hata mmoja. Alikuwapo msimulizi, na okestra ilikuwa tayari; kila mhusika alijitokeza kwa sauti ya ala yake. Kazi hiyo, *Petro na Mbwa Mwitu* ya mtunzi Sergei Prokofiev, ilipokewa kwa ubaridi. Lakini ndiyo iliyokuja kuwa mlango wa watoto wa mataifa mengi kuingia katika ulimwengu wa okestra.

Wazo lilikuwa la Natalia Sats, mkuu wa ukumbi wa maigizo wa watoto mjini humo. Mwaka 1935 Prokofiev alikuwa akiwapeleka huko wanawe wawili, Sviatoslav na Oleg, na Sats akaona nafasi. Alimwomba kazi fupi itakayomwezesha mtoto kuzijua ala bila kuhutubiwa. Maneno ya kwanza aliyaandika mshairi mwingine, kwa vina. Prokofiev aliyakataa, akatunga hadithi mwenyewe kwa lugha nyepesi ili maneno yasiusonge muziki. Kufikia Aprili 24 alikuwa amekwisha kuipanga kwa okestra nzima, siku 8 tu kabla ya onyesho.

Uteuzi wake wa sauti ni wa mtu anayewajua watoto. Ndege ni filimbi, juu na mwepesi. Bata ni obo, yenye sauti ya puani, jamaa ya zumari ya pwani yetu. Paka ananyata kwa noti za chini za klarineti, na babu ananung'unika kwa basuni. Mbwa mwitu anakuja na pembe tatu za shaba kwa pamoja, sauti nzito inayotisha. Bunduki za wawindaji ni timpani na ngoma kubwa. Petro mwenyewe, mtoto asiyeogopa, amepewa ala za nyuzi, jamii nzima ya fidla.

Siri ya mafanikio yake ni mpangilio. Kabla hadithi haijaanza, watoto huoneshwa kila ala na kusikilizishwa wimbo wa mhusika wake. Kisha sauti zinaanza kukutana: ndege na bata wanabishana, filimbi na obo zikipokezana, na mtoto anajua ni nani anayesema hata msimulizi akinyamaza. Mwishoni, katika maandamano ya ushindi, wahusika wanarudi mmoja baada ya mwingine, na obo inasikika kutoka tumboni mwa mbwa mwitu, kwa kuwa bata alimezwa mzima mzima. Mtoto anayemhurumia bata pale tayari anaijua obo, na hatakuja kuichanganya na klarineti.

Sats hakupewa muda mrefu wa kufurahia matunda hayo. Mwaka 1937 alikamatwa katika kamata-kamata ya utawala wa Stalin, akafungwa miaka 5. Alipoachiwa hakuacha kazi: alianzisha ukumbi wa maigizo wa watoto huko Alma-Ata, Kazakhstan, na mwaka 1965 akaanzisha Moscow ukumbi wa muziki na opera kwa ajili ya watoto. Alifariki mwaka 1993. Mwanamke huyu anastahili kutajwa kila kazi hii inapopigwa, kwa maana bila ombi lake isingekuwapo.

Hadithi yenyewe ilisafiri kwa santuri. Mwaka 1938 Prokofiev aliiongoza mwenyewe mjini Boston, na mwaka 1939 okestra ya mji huo, chini ya Serge Koussevitzky, iliirekodi, Richard Hale akisimulia. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika 4 hivi, kwa hiyo simulizi ya takriban dakika 25 ilihitaji santuri 3. Baada ya hapo wasimulizi hawakukoma: Eleanor Roosevelt, Leonard Bernstein, David Bowie mwaka 1978. Mwaka 2004 rekodi iliyosimuliwa na Mikhail Gorbachev, Bill Clinton na Sophia Loren ilishinda tuzo ya Grammy.

Wengine walifuata njia hiyo. Mwaka 1945 Wamarekani Paul Tripp na George Kleinsinger walitoa *Tubby the Tuba*, ambamo ala yenyewe ndiyo shujaa: tuba inayotamani kupewa wimbo wake. Mwaka 1946, Uingereza, Benjamin Britten alizitambulisha ala kwa maelezo na muziki bila hadithi. Kazi ya Britten ni bora, lakini inamfaa zaidi mtoto aliyekwisha kukua kidogo. Mdogo wa miaka minne huhitaji mtu wa kumpenda au kumwogopa kwanza. Jina la ala atalishika baadaye.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu asisubiri ukumbi wala tiketi. Simu na spika ndogo zinatosha. Mruhusu mtoto asikilize bila picha, umwulize ni nani anayekuja, kisha umpe muda wa kujibu kwa sikio lake. Hilo ndilo somo alilolitaka Sats, na halijapitwa na wakati.