MSHIPA WA SHINGO NA UGONJWA WA KIHARUSI

 Mwalimu wa darasa, tafadhali funga mlango, maana upepo wa huku hushinda redio. Leo somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni habari ya jinsi watu walivyotambua kwamba kiharusi huweza kuanzia shingoni.

Weka vidole viwili kando ya koo, chini ya taya. Wasikia kitu kinapiga? Huo ni mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Uko mmoja kila upande. Mingine miwili midogo hupita nyuma, ndani ya mifupa ya shingo. Wagiriki wa kale waliupa mshipa huu wa mbele jina linalotokana na neno lao la usingizi mzito, kwa kuwa waliona kwamba ukibanwa mtu huzimia.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1658 daktari mmoja wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapa kitabu juu ya watu walioanguka ghafula na kupooza. Alipasua maiti zao, akaona kwamba wengine damu ilivuja ndani ya ubongo. Tena akaeleza kwamba mshipa ukiziba, damu haifiki ubongoni. Kumbe magonjwa ni mawili, na sura yake moja! Likumbukeni neno hili, tutalirudia.

Mwaka 1872, huko Paris, daktari Verneuil alieleza habari za mtu aliyeumia vibaya, kisha akapooza upande wa kulia, akafa. Walipompasua waliona mshipa wa shingo umechanika kwa ndani, na damu imeganda hapo.

Umechanikaje kwa ndani? Sisi watu wa Ufipa tunajua makoti, kwa sababu ya baridi. Koti lina kitambaa cha nje, na ndani lina bitana. Bitana ya mkono ikichanika, unapoingiza mkono unapotea kati ya bitana na kitambaa, usitokee upande wa pili. Mshipa nao una bitana. Ikichanika, damu hujipenyeza katikati, njia inakuwa nyembamba, na damu huganda. Kipande cha damu iliyoganda kikichukuliwa mpaka ubongoni, mtu hupooza. Huanza kwa ajali ya pikipiki, au kuanguka, au kusokotwa shingo kwa nguvu. (Wale vinyozi wanaonyonga shingo ya mteja mpaka ilie, mimi siwaruhusu.) Mara nyingine huanza bila sababu inayoonekana. Nao wengi wanaopatwa si wazee, bali watu wa makamo na vijana.

Je, zamani hizo mganga angefanya nini? Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, huko Karema, alikuwako Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake. Mgonjwa wa kiharusi aliyeletwa kwake angeweza kulazwa vizuri, kuoshwa na kulishwa polepole. Basi. Wala msidhani ni kwa sababu ya Karema kuwa mbali. Madaktari wa London na Paris nao hawakuwa na zaidi.

Mambo yalibadilika pole pole. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Ureno alionyesha mishipa ya ubongo kwa picha ya eksirei. Mwaka 1951 Miller Fisher, huko Kanada, aliwafundisha madaktari watafute chanzo cha kiharusi shingoni. Mwaka 1971, London, mtu wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Hounsfield. Sasa daktari aliweza kujua mgonjwa angali hai kama damu imevuja au mshipa umeziba. Mwaka 1995 Wamarekani walitangaza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, itolewe kabla ya kupita muda wa saa tatu. Mwaka 2008 Wazungu wa Ulaya waliongeza muda ukawa saa nne na nusu. Sisemi saa nne na nusu ya asubuhi. Nasema muda, tangu dalili ya kwanza. Dawa hiyo huweza kutolewa hata kama chanzo ni mshipa wa shingo uliochanika. Baadaye mgonjwa hupewa aspirini, au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa miezi kadhaa, mpaka bitana ipone.

Lakini dawa hiyo ya kuyeyusha ikipewa mtu ambaye damu yake imevuja, humwua. Ndiyo maana picha hutangulia. Ndiyo maana pia nyumbani usimpe aspirini.

Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na aliye bondeni Rukwa ana mlima wa kupanda kwanza. Kwa hiyo usingoje. Mtu akiumwa shingo au kichwa upande mmoja kwa namna asiyoizoea, na kope la jicho likalegea, apelekwe hospitali hata kama bado anatembea. Mdomo ukipinda, mkono ukianguka, maneno yakivurugika, aende mara moja. Usimpe maji wala uji, atapaliwa. Usimkande shingo, usimchanje. Akizimia, mlaze ubavu.

Tena andika saa. Daktari atauliza, “Alikuwa mzima mara ya mwisho saa ngapi?” Asiyejua hilo huenda akanyimwa dawa.

Sasa kila mwanafunzi achukue kalamu, aandike: “Alikuwa mzima saa …, asubuhi au jioni, siku ya …” Mwalimu apite akasahihishe.