Taaluma ya Elimu na Lugha ya Darasa

Mwaka 1779 Ernst Christian Trapp alipewa kiti cha uprofesa wa malezi na elimu katika Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kushika kiti cha namna hiyo. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake kikuu kwa Kijerumani, lugha ya walimu na wazazi aliowahusu, ingawa Kilatini kilikuwa bado na heshima kubwa vyuoni.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam taaluma hiyo ilifika baadaye sana: Idara ya Elimu ilianza mwaka 1964, chuo chenyewe kikiwa na umri wa miaka mitatu tu. Sekondari za taifa changa zilihitaji walimu, na haja hiyo ndiyo iliyoizaa. Mwaka 1989 ikawa kitivo. Leo ni Shule Kuu. Ukuaji wa taaluma hii husimuliwa kwa ngazi hizo, lakini ngazi za utawala hazituelezi taaluma inafikiri kwa kutumia nini.

Mwaka 1967, mwaka wa sera ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Tangu hapo walimu wamejijengea msamiati wao: azimio la kazi, andalio la somo, ufaraguzi wa zana. Chukua hilo la ufaraguzi, yaani kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo. Mwalimu anayefundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda na vijiti vya mabua amekwisha kuamua mtoto anajifunzaje, kwa kushika au kwa kusikia. Hiyo ni nadharia, na ina jina. Hata hivyo mtafiti akifika darasa la pili, maneno ya mwalimu na ya watoto hutafsiriwa kwa Kiingereza kwanza, ndipo yachambuliwe. Kusita kwa mtoto, utani wa mwalimu, msisitizo wa “eti”: vyote huachwa njiani, na ndivyo hasa vilivyofuatwa.

Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari na kuendelea; serikali haikukubali. Mjadala ukabaki wa shule, kana kwamba vitivo vya elimu ni watazamaji tu.

Husemwa kwamba istilahi za Kiswahili hazitoshi kwa utafiti wa elimu. Hoja hiyo siikubali. Katika chuo kikuu hicho hicho cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu 1970, na istilahi zilipatikana kwa kutumiwa. Hoja ya wasomaji wa nje ina uzito zaidi, na majarida ya Kiingereza yana kazi yake. Lakini mwalimu mkuu aliyefungua mlango wa darasa lake ili lichunguzwe anastahili kuusoma utafiti huo na kuubishia. Tasnifu kuhusu shule za msingi zingeweza kutangulia kuandikwa kwa Kiswahili: mahojiano yake hufanyika kwa Kiswahili tayari, na msimamizi na mtahini wote wanakielewa.