Dawati Lilikuwa Kidau

Wapo wanaokusanya vidau vya kale vya wino, vya kioo na shaba, kwa bei ghali. Sisi chetu tumekihifadhi ndani ya neno. Dawati latokana na dawat ya Kiarabu, yaani kidau. Maana ikapanuka: kutoka kidau hadi kisanduku cha vifaa vya kuandikia, kisha meza ya mwanafunzi. Mwaka 1938 Mhungaria László Bíró alipata hataza ya kalamu yake, na taratibu kidau kikaondoka darasani. Basi ukikuta huku Awasi dawati kuukuu lenye tundu la mviringo, jamani, lisipasuliwe kuni! Tundu hilo lilikuwa la kidau. Hapo neno na asili yake vilikutana tena.