Ukuta Unaojijenga

Mwaka 1896 Louis Lumière aliweka kamera yake mbele ya ukuta uliokuwa ukibomolewa huko Ufaransa. Wanaume wanausukuma, wengine wanaupiga kwa sururu, ukuta unalala chini, vumbi linatimka. Filamu yenyewe haifiki dakika mbili. Halafu ukaja mchezo ulioifanya ikumbukwe hadi leo: ukiizungusha mashine kinyumenyume, vumbi linarudi ardhini, vipande vinakusanyika, ukuta unasimama wima kama haujawahi kuguswa. Watu walilipa kiingilio kuona ukuta ukijijenga.

Nataka uishike hiyo "ki-ji-jenga". Tutairudia.

Kama umewahi kuangalia zile video za matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayoruka yenyewe kutoka mezani na kujipanga mpaka yakawa gari, ngome au ndege, basi umeangalia mchezo wa Lumière ukiwa umevaa nguo mpya. Siri ya kazi nyingi za aina hiyo ni kwamba hakuna kinachojengwa. Mtengenezaji anaanza na kitu kilichokwisha kamilika ndani ya kompyuta, anakitawanya tofali moja moja, kisha anaicheza kazi yote kinyumenyume. Mwisho ndio unaotengenezwa kwanza.

Ukoo wa sanaa hii una watu wake. Mwaka 1973 Wadenmark wawili, Lars na Henrik Hassing, wakiwa bado watoto, walitengeneza filamu ya dakika sita kwa matofali ya Lego, safari ya kwenda mwezini, wakitumia kamera ya Super 8. Wanasogeza kidogo, wanapiga picha, wanasogeza tena. Mwaka 1995 kijana wa Australia aitwaye James Jessiman akatoa LDraw, programu ya kuchora matofali hayo kwenye kompyuta, tena bure. Alifariki mwaka 1997, akiwa bado kijana, lakini watu wa kujitolea wakaichukua kazi yake na mpaka leo inaendelea. Na nani aliandika programu iliyotumiwa na wengi kubadili michoro ya LDraw kuwa picha zenye kivuli na mng'ao? Lars Hassing, yule yule mtoto wa safari ya mwezini. Napenda sana jambo hili. Mtu alianza kwa kusogeza tofali kwa kidole, akamaliza kwa kulisogeza kwa namba.

Faili ya LDraw ukiifungua ni maandishi matupu. Kila tofali ni mstari mmoja: rangi yake, mahali lilipo kwa namba tatu, limegeuzwa vipi, na jina la aina yake. Kipimo chake ni kidogo, kila kimoja sawa na milimita 0.4, kwa hiyo tofali dogo kabisa lina upana wa vipimo 20 na kimo cha 24. Katikati ya mistari kuna neno moja, STEP, yaani hatua: simama hapa, onyesha mpaka hapa, ndipo uendelee. Ukilitoa neno hilo, jengo linabaki vile vile kabisa. Kinachopotea ni historia yake tu, nini kilitangulia na nini kikafuata.

Sasa twende Migori.

Ukitoka Kisii kwa barabara kuu unapita Rongo, unapita Awendo penye harufu ya kiwanda cha sukari, kisha unafika Uriri. Ukipita hapo haraka utaona mashamba ya miwa, pikipiki, na matofali ya udongo yaliyopangwa kama kilima yakisubiri kuchomwa. Shangazi yangu anaishi huko, na kwake ndiko nilikopeleka laptopu Desemba nzima kutengeneza katuni ya matofali. Ila sikutaka kujenga gari wala ndege. Kutoka Uriri ukishuka hadi Migori mjini, ukageuka kuelekea upande wa ziwa kama mtu anayekwenda Macalder, unafika Thimlich Ohinga. Ndicho nilichotaka kijengeke.

Kwa wasiopajua: ni maboma ya mawe, kuta nene za duara zilizopangwa bila saruji, bila udongo wa kushikilia, bila chokaa. Jiwe limekalia jiwe, basi. Inakadiriwa zilijengwa karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kama mita moja. Maboma makubwa ni manne, nayo yana majina ya watu wanaojulikana mtaani: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ohinga kwa Dholuo ni boma la mawe, mahali pa kukimbilia. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Na si peke yake: watafiti walihesabu zaidi ya maboma 500 ya namna hiyo katika eneo hili la kusini mwa ziwa, mengi yakiwa yamebaki vichuguu vya mawe ambavyo mbuzi hupanda bila heshima yoyote.

Kuna tofauti kubwa kati ya tofali la Lego na jiwe la Thimlich, na ndiyo iliyonivuta. Tofali la Lego lililosajiliwa mwaka 1958 linashikana na la leo kwa sababu yote yanafanana. Matofali sita tu ya vifundo vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Namba hiyo imepigwa na wanahisabati, si mimi. Uhuru wote huo unatokana na kufanana. Thimlich hakuna mawe mawili yanayofanana. Mjenzi hachagui mahali halafu akatafuta jiwe. Analo jiwe mkononi, analigeuza, analitafutia mahali pake. Kila jiwe linalowekwa linaamua lipi litafuata.

Ukuta wenyewe ni kuta mbili na ujazo. Kuna uso wa nje, kuna uso wa ndani, na katikati mawe madogo yanayofunga pande zote mbili. Milango ni mifupi na ina mawe marefu yaliyolazwa juu, ili anayeingia ainame. Ukiinama kwenye lango la mtu mwenye rungu unafikiri mara mbili. Mahali pengine kuna viegemeo vya mawe vya kuzuia ukuta usilale. Kwa hiyo kuna mambo ambayo hayawezi kufanyika nje ya zamu yake. Jiwe la juu ya lango haliwezi kutangulia mihimili yake. Ujazo hauwezi kupanda juu kuliko nyuso zake, la sivyo unamwagika. Nyuso nazo zikiachwa bila ujazo zinakosa kitu cha kuegemea. Vyote vitatu vinapanda pamoja, kidogo kidogo.

Katuni inaweza kulisahau hili bila adhabu. Kwenye kompyuta jiwe linaelea. Ukitaka uanze na lango, lango litasimama hewani likisubiri ukuta. Ukitaka uso wa nje upande mita nne kabla ya ule wa ndani, utapanda. Ndiyo maana nilikataa ile njia ya kinyumenyume. Ningeweza kuumaliza ukuta, kuutawanya, kuucheza upande wa pili, na katuni ingekuwa tayari jioni ile ile. Ingependeza pia. Lakini ingeonyesha kubomoka kuliko kujengwa, na mawe yanayoanguka hayafuati zamu ya mawe yanayopandishwa.

Basi niliandika hatua. Na hapo hesabu ikaanza kusema mambo yake. Chukua mita moja tu ya ukuta, kimo mita tatu, unene mita moja. Ondoa nafasi za hewa kati ya mawe, kama asilimia 30 hivi, halafu kadiria uzito wa mwamba: unapata karibu tani sita. Mtu mmoja akibeba kilo 25 kwa safari, ni safari zaidi ya 200 kwa hatua moja ndefu ya ukuta. Kwenye Blender, ile programu ya bure niliyotumia, filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Jiwe moja kila fremu mbili, mita ile inakwisha kwa sekunde 19. Sekunde 19! Mjomba wangu hajamaliza hata kufungua chupa ya soda.

Turudi kwenye "ji". Kiswahili kinatupa ngazi tatu hapa. Walijenga ukuta. Ukuta ulijengwa. Ukuta ulijijenga. Ngazi ya kwanza ina watu. Ya pili imewaficha lakini unaweza kuuliza, na nani? Ya tatu imelifuta swali lenyewe. Katuni za matofali, kwa uzuri wake wote, zinaishi kwenye ngazi ya tatu. Hakuna mkono.

Kwa ngome ya kuchezea, sawa, haina neno. Kwa majengo ya mawe ya Afrika si sawa, kwa sababu tulishafanyiwa mchezo huo na watu wasiokuwa na kompyuta. Great Zimbabwe ilipewa kila mjenzi isipokuwa wenyeji: mara Wafoinike, mara Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akarudi mwaka 1929 akasema hivyo hivyo kwa ushahidi zaidi. Bado serikali ya Rhodesia iliendelea kubabaika, mpaka mwanaakiolojia Peter Garlake akaona bora aondoke nchini. Watu walikuwa tayari kuamini mawe yalikuja na malkia wa kwenye Biblia kuliko kuamini kuna babu aliyeyabeba.

Thimlich haikupitia kelele za kiasi hicho. Neville Chittick, yule aliyejulikana zaidi kwa Kilwa, aliandika taarifa fupi kuhusu maboma ya Nyanza Kusini mwaka 1965, kisha watafiti Wakenya kama Simiyu Wandibba na Isaya Onjala wakaenda mbali zaidi. Hapa kelele ni za kwetu wenyewe: nani hasa alijenga? Watafiti wengi huona kwamba waanzilishi walikuwa jamii za Kibantu, kisha wakaja Waluo, na kwamba kila aliyeingia alikarabati na kubadilisha. Mlete mada hiyo kwenye kibanda cha chai pale Uriri, ambako Waluo na Waluhya wamechanganyika miaka mingi, uone. Kila mtu ana babu aliyepanga jiwe la kwanza. Mimi naona swali la jiwe la kwanza limepewa uzito kuliko linavyostahili. Watu waliishi ndani ya kuta zile kwa vipindi tofauti mpaka katikati ya karne ya 20. Ukuta usioshikiliwa na saruji kwa karne nne hausimami kwa sababu ya aliyeuanza. Unasimama kwa sababu kuna mtu, kila baada ya mvua kubwa, aliyeinama akarudisha jiwe.

Shangazi ndiye aliyeleta habari ya zamu kwa njia ambayo sikuwa nimeifikiria. Aliangalia kidogo akauliza boma hili limeanzia wapi. Kwa Mluo, dala halianzi popote. Mwanamume anatoka kwenda kufungua boma jipya akiwa na jogoo, shoka na moto. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatangulia na kutazama lango. Nyachira anafuata, halafu reru. Simba za wavulana zinakaa karibu na lango. Ukiziweka nyumba zile zile mahali pale pale lakini kwa zamu mbaya, kwa macho hakuna tofauti. Kwa watu wa boma, umeharibu. Kumbe STEP ni neno la zamani kuliko kompyuta.

Teknolojia ya siku hizi ingeweza kunirahisishia. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza, na matokeo yake ni magofu yanayoweza kuzungushwa kwenye skrini kama chungwa mkononi. Ni kazi muhimu mno: ukuta ukianguka kesho, kuna kumbukumbu ya kuurudishia. Lakini leza inaona ngozi. Ule ujazo wa katikati hauuoni, na ndio unaoshikilia kila kitu. Hata kwangu, mawe ya katikati niliyapanga nikijua hakuna mtazamaji atakayeyaona. Yalikuwa zaidi ya nusu ya mawe yote.

Kilichobaki ni fremu ya mwisho. Sanduku la Lego lina picha mbele, unajua unakwenda wapi, na ukifika umemaliza. Koketch haina picha ya sandukuni. Niusimamishe ukuta wangu mwaka gani? Siku lango lilipowekwa, au vizazi vitatu baadaye, sehemu zilipokuwa zimejengwa upya na watu wenye lugha nyingine? Nikaamua ukuta usitulie. Mawe machache yanaanguka upande wa kaskazini, mtu anakuja anayarudisha, si pale pale hasa. Mtu mwenyewe ni umbo la matofali saba tu, hana uso. Anabeba jiwe moja kwa safari. Kwa sababu yake filamu iliyokuwa ya dakika mbili imekuwa ya dakika kumi na moja, na rafiki zangu wa Nairobi wanaisukuma mbele kwa kidole ikifika ya tatu.

Shangazi aliitazama yote, kimya. Ilipoisha akasema, "Nyathina, huyo mtu wako ni mmoja tu? Wengine wako wapi? Na anakula saa ngapi?" Jikoni kulikuwa na sufuria ya nyoyo motoni. Nikaifungua faili tena.