Kinasi: miamba iliyoponea baruti

Mlango wa Kinasi uko mashariki ya Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, pale bahari kuu inapokutana na maji tulivu ya ndani. Maji yakijaa, huingia ghubani yakiwa safi na mzamiaji huona mbali. Yakikupwa, hutoka yamebeba mchanga na vipande vya majani ya bahari. Manahodha wa mashua za wazamiaji hupanga safari kwa kufuata bamvua na maji mafu, elimu waliyorithi kwa wavuvi wa madema. Kusi ikichafua bahari ya nje, wageni huzamishwa ndani ya ghuba. Kaskazi ikitulia, hutolewa nje ya mlango, kwenye kuta za matumbawe wanakopita chewa wakubwa, kasa na makundi ya kolekole.

Kifaa kinachowashusha wazamiaji kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943. Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, na mhandisi Émile Gagnan walibuni vali inayompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi mgongoni, kwa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Wakati huo watu wa Mafia walikuwa wamekwisha kuyajua matumbawe kwa vizazi vingi. Walishuka kwa pumzi zao kutafuta kamba koche na jongoo bahari, na wakati wa bamvua wanawake walitembea juu ya miamba iliyokauka wakichokoa pweza. Magofu ya Kua, kisiwani Juani, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Mafundi wa pwani hii walijua pia kwamba tumbawe likitolewa baharini bichi huwa laini, huchongeka kwa nakshi, kisha hukauka na kuwa gumu.

Hatari kubwa ilikuja na baruti. Uvuvi wa milipuko ulianza kuonekana pwani ya Tanzania katika miaka ya 1960, na baruti nyingi zilivuja kutoka migodini na kwenye kazi za kuvunja mawe. Mlipuko mmoja hupasua vibofu vya hewa vya samaki kwa wakati mmoja, wakubwa na wadogo. Wengine huelea, wengi huzama, na mvuvi huchukua anaoweza kuwafikia. Kwa upande wa matumbawe hasara ni kubwa zaidi. Tumbawe ni mnyama anayejenga mifupa ya chokaa polepole mno. Likivunjwa hubaki kokoto zinazoviringishwa na mawimbi, na watoto wa matumbawe wanaotafuta mahali pa kushika huzikalia na kusagwa. Mahali palipopigwa mara nyingi panaweza kukaa miongo bila kurudi.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilipiga marufuku baruti. Mwaka 1975 Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia, kusini ya Mafia, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Tangazo hilo halikuwa na boti wala askari nyuma yake, na milipuko iliendelea. Wavuvi wa Chole, Juani na Jibondo walilalamika kwamba wapigaji baruti wengi walitoka nje ya visiwa vyao, wakafika na vyombo vyenye injini, wakavuna kwa siku moja na kuondoka. Mwenye dema na mshipi alibaki na bahari tupu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti na wanafunzi wa kujitolea, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishuka Mafia na mitungi na vibao vya kuandikia chini ya maji. Waliorodhesha matumbawe na samaki, wakaonyesha wapi miamba ni mizima na wapi imeharibika. Hapa ndipo mtungi ulipoitumikia Mafia kuliko wakati mwingine wowote, kwa maoni yangu. Malalamiko ya wavuvi yalipata ushahidi ambao ofisi za serikali zisingeweza kuupuuza kirahisi. Sheria ya Hifadhi za Bahari ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Wakazi hawakuhamishwa. Eneo liligawanywa: mahali pasipovuliwa kabisa, mahali pa masharti, na mahali pa uvuvi wa kawaida kwa zana halali. Doria zikaanza, na milipuko ndani ya hifadhi ikakoma karibu kabisa.

Mwaka 1998 joto la El Niño lilipita juu ya Bahari ya Hindi. Matumbawe hulishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wao. Maji yakizidi joto la kawaida kwa digrii moja au mbili kwa wiki kadhaa, huutema mwani huo, hugeuka meupe, na yasipopata nafuu hufa. Tutia na Chole vilipoteza matumbawe mengi, na hakuna askari wa doria ambaye angeweza kuzuia hilo. Baadhi ya miamba imejijenga upya tangu hapo, lakini joto limerudi zaidi ya mara moja.

Ndani ya visiwa kulikuwa na jeraha jingine. Wavuvi walioshangilia kufukuzwa kwa baruti waliona marufuku ikiwageukia wao, juya likianza kukamatwa huku hoteli zikiongezeka. Jibondo, kijiji cha mafundi wa vyombo na wavuvi hodari, kiligombana na hifadhi kwa miaka mingi. Mwanaanthropolojia wa Marekani Christine Walley alieleza mivutano hiyo katika kitabu chake Rough Waters cha mwaka 2004. Wakazi hawakuwa wakiipinga bahari yao kulindwa. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuomba ilindwe. Walidai sauti katika maamuzi na fungu la haki katika mapato, na naamini walikuwa sahihi.

Thamani ya kilichopatikana Mafia huonekana ukitazama kwingine. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti vya chini ya maji kwenye pwani ya Tanzania, kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji. Kwa saa 231 walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, karibu na makao makuu ya wakati huo ya mamlaka zinazohusika. Ilikuwa aibu ya taifa, na operesheni kali zilizofuata zilichelewa mno.

Nawe msomaji utakayejaliwa kufika Kinasi, lipa ada ya hifadhi na udai risiti. Usishike tumbawe wala kulikanyaga kwa mapezi. Kisha mwulize kijana wa Chole au Jibondo anayekuendeshea mashua kama naye amefundishwa kuzamia kwa mtungi. Akijibu hapana, lipeleke swali hilo kwa wenye hoteli na kwa viongozi wa hifadhi, na usikubali kuondoka bila jibu.